Mashine ya kupigia tredi: ya mkono, ya umeme ya kubeba, au ya benchi? Kwa fundi bomba wa Arusha na Moshi

Wakuu habari za kazi. Hili swali linarudi kila mara kwa mafundi bomba wa huku kwetu, kijana kamaliza VETA au kakaa na fundi mkubwa mpaka kaiva, sasa anataka kusimama mwenyewe, kaweka hela pembeni na anauliza anunue mashine gani ya kupigia tredi (yale meno ya kufungia) mabomba ya GI, yaani ya chuma yaliyopakwa zinki. Majibu anayopata ni ya neno moja, mmoja anamwambia chukua ya umeme mwingine anamwambia utakufa nayo, basi. Mi nataka nizipange zote tatu tuzione kwa kazi tunazofanya huku, kwa sababu kazi ya Njiro kwenye nyumba ya ghorofa na kazi ya kushusha maji Kibosho juu huko sio kazi moja hata kama bomba ni lile lile.

Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua nimesimama wapi: kwa fundi anayehama site hadi site, mashine ya umeme ya kubeba ndiyo yenye faida kuliko zote, LAKINI iwe na mkono wake wa kuzuilia (chuma kinachopokea nguvu badala ya mwili wako) na daisi, yaani vyuma vinavyochonga tredi, za BSPT, kipimo cha Kiingereza. Ikikosa kimoja kati ya hivyo viwili, bora ununue racheti ya mkono ubaki na amani. Sababu zinakuja.

Kwanza tuelewane tunalinganisha nini. Racheti ya mkono ni ile hedi, yaani kichwa cha kuchongea chenye daisi nne, unaivalisha kwenye bomba, unaweka mpini mrefu, unavuta unarudisha, kra kra kra. Ya umeme ya kubeba ni ile kama drili kubwa yenye tundu la duara mbele, unachomeka hedi humo, unabonya swichi, hedi inazunguka na bomba linabaki limesimama. Ya benchi ni kinyume chake, bomba ndilo linazunguka na daisi zimetulia, na juu yake ina kikatio, ina kichokonoo cha kusafisha mdomo wa bomba na pampu inayomwaga oili yenyewe. Zote zinaishia inchi mbili kwa aina nyingi zinazouzwa, japo ya kubeba kuna ndogo zinazoishia inchi na robo, hizo nazo usizidharau nitazirudia.

Uzito. Racheti unaitia kwenye begi unapanda nayo boda. Ya kubeba hata ukijumlisha na sanduku na hedi zake, mtu mmoja anaibeba, boda inaibeba, na ngazi za ghorofa ya tatu unapanda nayo bila kuita saidia. Ya benchi ni kilo 50 kwenda juu na nyingi zinazidi hapo sana, hiyo ni kirikuu au bajaji ya mizigo na watu wawili wa kushusha, kwa hiyo ukweli ni kwamba ikishafika mahali haiondoki. Ndo maana utaziona zaidi kwenye maduka ya mabomba mjini, wanakupigia tredi kwa malipo ya kila mdomo.

Na hapo kuna mtu atasema si bora basi niwe napeleka mabomba dukani yapigwe huko? Kwa kazi iliyochorwa vizuri ni sawa kabisa, unapima site asubuhi, unaandika vipande vyako, unapigiwa vyote mara moja. Shida ni kwamba nyumba zetu hazijengwi kwa mchoro unaoheshimiwa. Ukuta umesogea sentimita tatu, mwenye nyumba kabadili sinki upande, tenki kapandisha juu zaidi ya alivyosema, sasa kipande kimepungua na uko Sakina au Ngaramtoni na mashine iko mjini. Nauli, muda, na mwenye nyumba anakuangalia umekaa. Kila ukirudi mjini kwa kipande kimoja faida ya siku inaondoka na hiyo safari. Mashine ya kubeba inafuta hilo tatizo, unapima kipande ukiwa umekishika kwenye nafasi yake, unakata, unapiga tredi, unafunga.

Sasa kasi. Chukua nusu inchi ya GI. Tredi yake ni meno 14 kwa inchi, na urefu unaotakiwa ni kama milimita 13, maana yake ni zamu saba na kidogo tu za hedi. Mashine za kubeba nyingi zinazunguka kwenye zamu 25 hadi 30 kwa dakika, kwa hiyo chini ya nusu dakika umemaliza, ongeza muda wa kurudisha nyuma, ongeza wa kufunga bomba kwenye vaisi (kile kibanio cha bomba), bado ni kazi ya dakika mbili. Kwa racheti nusu inchi na robo tatu sio mateso, fundi mzima anapiga kwa dakika chache na hata jasho halitoki. Inchi moja unaanza kuhisi. Inchi na nusu na inchi mbili ndo utajua kama ulikula asubuhi, hapo mnavuta wawili kwa kupokezana na vaisi yenyewe inataka kung'oka. Kwa hiyo jiulize kazi zako ni saizi gani. Kama maisha yako yote ni nusu na robo tatu za vyoo na majiko, racheti inakutosha na hela iliyobaki nunua vaisi nzuri ya miguu mitatu, kwa sababu vaisi mbovu inaharibu kazi ya mashine yoyote ile. Kama unachukua tenki, pampu za visima, laini za kumwagilia mashamba ya huku Usa River na Tengeru, hoteli, shule, basi saizi kubwa zitakufuata na mkono hautoshi.

Sasa nije kwenye huo mkono wa kuzuilia maana hapa ndipo watu wanaumia.

Mashine ya kubeba ina kitu ambacho nyingine mbili hazina, nguvu yake yote inarudi kwako. Hedi inasukuma bomba kwenda kulia, bodi ya mashine inataka kwenda kushoto, na katikati ni wewe umeshika mpini. Piga hesabu kidogo tu: mota ya wati 1,500, zamu 28 kwa dakika, toa zinazopotea kwenye gia, unabaki na nguvu ya kuzungusha ambayo kwenye mpini wa sentimita 40 ni kama kilo 70 na zaidi, yaani ni mfuko mmoja na nusu wa saruji umening'inizwa ghafla kwenye mkono wako pale daisi zinaponasa. Hakuna mwanaume wa kuishika hiyo. Inachofanya ni kupinda kifundo cha mkono, au kukubana mkono kati ya mashine na ukuta, au kukupiga kidevuni kama umeinama, na ukiwa juu ya ngazi ndo balaa kabisa. Kile chuma kinachokuja nayo, kinachofungwa kwenye bomba lile lile nyuma ya hedi na bodi ya mashine inakiegemea, ndicho kinachopokea hiyo nguvu badala ya mwili wako. Mafundi wengi wanakitupa pembeni kwa sababu kukifunga kunakula nusu dakika. Wengine wanauziwa mashine ya mtumba bila hicho chuma na hawajui hata kwamba kinapungua. Mdogo wangu unayesoma hii, hata kwa nusu inchi kifunge. Ukizoea kukifunga kwenye ndogo hutakisahau kwenye inchi mbili.

Na uangalie kinafungwaje. Wapo wanaoegemeza mashine kwenye sakafu kwa kipande cha nondo au mguu wa vaisi, hiyo inakusaidia wakati wa kwenda mbele tu. Ukibonya kurudi nyuma nguvu inageuka upande wa pili na hapo hakuna cha kuizuia. Chuma kinachoshika bomba lenyewe kinazuia pande zote mbili. Kina faida nyingine kubwa ambayo kwangu peke yake inatosha kununua mashine: kwa sababu mashine inasukuma na kujizuia kwenye bomba hilo hilo, bomba halipati nguvu ya kuzungushwa huko linakoingia. Kwa hiyo bomba lililotoka ukutani, limekatika au limeoza mdomo, unaweza kulipiga tredi pale pale lilipo bila kubomoa vigae na bila kung'oa elbo iliyoko ndani ya zege. Unahitaji tu kipande kilichotoka kiwe na nafasi ya hedi pamoja na hicho chuma, na nafasi kuzunguka ukutani. Hii kazi ya benchi haiwezi kabisa, na racheti inaweza lakini inabidi mtu mwingine ashike bomba kwa spana ya bomba kinyume chako na akizembea soketi ya ndani inazunguka, ukuta unaanza kuvuja ndani wiki mbili baadae na simu unapigiwa wewe.

Daisi. Hapa nitakaa kidogo pia kwa sababu mashine nyingi zinazoingia nchini kama mtumba au zinazoagizwa mtandaoni zinakuja na daisi za Kimarekani, NPT. Sisi fitingi zetu ni BSP. Pembe ya jino la BSPT ni digrii 55, ya NPT ni 60. Sasa ubaya ni huu, nusu inchi na robo tatu zote mbili ni meno 14 kwa inchi, kwa hiyo soketi inaingia vizuri tu, unakaza, unaona safi, unafunga katani na rangi, unaondoka. Maji yakipata presha inaanza kutoa jasho kwa sababu meno hayajakaa, yamegusana kwenye ncha tu. Kuanzia inchi moja utagundua haraka maana BSPT ni meno 11 na NPT ni 11 na nusu, fitingi inagoma baada ya zamu chache. Kwa hiyo mtu anaweza kufanya kazi muda mrefu na nusu inchi akilaumu katani, akilaumu tredi tepu, akilaumu soketi za siku hizi, kumbe daisi. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye daisi yenyewe, sio kwenye sanduku. Na daisi zina namba 1 hadi 4, na hedi ina namba 1 hadi 4, kila moja kwenye nyumba yake. Ukizichanganya wakati wa kusafisha zinakata tredi iliyochanika, na unazibadili zote nne pamoja, usiweke mpya mbili na za zamani mbili.

Jambo moja la kununua kwa akili. Kwa makampuni kadhaa hedi za racheti ya mkono ndo hizo hizo zinaingia kwenye mashine ya umeme. RIDGID hedi zake za 12-R zinavaa racheti na zinavaa mashine ya 700, REMS nao hedi za Eva zinavaa racheti na zinavaa Amigo. Maana yake unaweza kuanza na racheti na hedi za saizi unazotumia, ukafanya kazi, ukapata hela, kisha ukaongeza mota peke yake. Hii ndo njia ningemshauri kijana yeyote mwenye mtaji mdogo, kuliko kukopa ununue seti nzima siku moja. Kwa zile seti za Kichina zisizo na jina, zipo nzuri tu na zinafanya kazi, ila beba hedi yako dukani uivalishe kabla hujalipa, usikubali neno la "zinaingiliana zote hizi mangi".

Umeme sasa. Racheti haijui umeme ni nini na hapo ndipo inaposhinda bila mjadala. Kazi za juu mlimani, Machame, Kibosho, Marangu kule chanzo cha maji kipo msituni, hakuna nguzo, njia ni ya mguu na mteremko umeshika, utaenda na racheti na vaisi ya mnyororo unaifunga kwenye mti. Hata mwenye mashine mbili za umeme racheti haiuzi. Zipo sasa za betri, RIDGID wanayo 760 na Milwaukee wanayo ya M18, ni nzuri sana kwa kazi ya namna hiyo, ila bei yake na bei ya betri vimesimama juu, na betri ya zana kubwa ikifa unaagiza, huokoti kwenye kona.

Ukiwa na ya kubeba ya waya, angalia kibao chake cha maelezo ya umeme kwanza. Kikisema 110 au 120 sio ya umeme wetu, ukichomeka kwenye 230 yetu unaichoma palepale, na kutembea na transfoma site ni kujibebesha mzigo ambao ulinunua mashine ili uukwepe. Pili waya wa ekstensheni. Site nyingi unavuta umeme kutoka kwa jirani, mita 40, 50, kwa waya mwembamba wa redio. Waya wa 0.75 (unene wa milimita za mraba) kwa mita 50 unakula kama volti 15 mashine ya wati 1,500 ikikamua, sasa kama umeme wenyewe wa mtaa jioni umeshuka tayari mota inakosa nguvu, inasimama kwenye bomba, inavuta ampia nyingi, inanuka. Nunua waya wa 2.5, ukunjue wote kwenye gurudumu hata kama unahitaji mita kumi tu kwa sababu uliokunjwa unapata joto. Na maji yako kila mahali kwenye kazi yetu, sakafu imelowa, viatu vimelowa, kwa hiyo ekstensheni yako iwe na kile kifaa cha kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30. Hiki ni kitu kidogo ukilinganisha na bei ya mashine.

Jenereta je? Inawezekana, lakini kumbuka Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari na injini ndogo ya petroli inapoteza nguvu kadri unavyopanda, kama asilimia tatu na kitu kila mita 300, kwa hiyo ile iliyoandikwa kilowati 2 huku kwetu ni pungufu kama asilimia 15 kabla hata hujaichosha. Moshi mjini iko chini zaidi, nafuu kidogo, ukipanda Marangu imerudi kule kule. Kwa mashine ya inchi mbili usiende chini ya kVA 3. Hapa ndipo zile ndogo za inchi na robo zinanivutia, zinakula umeme kidogo, nyepesi, na kwa fundi wa nyumba za kuishi zinafika karibu kila anachokutana nacho, zile chache za inchi mbili unazipeleka dukani kupigiwa.

Namna ya kuiendesha, kwa kifupi ila kwa umakini. Bomba likatwe mraba, mdomo ukikatwa kiupande daisi zinaingia kiupande na tredi inatoka imelewa. Toa makali ya ndani. Funga bomba kwenye vaisi likae imara. Ingiza hedi kwa upande wake sahihi, usikie imelia kuingia. Funga ule mkono. Angalia swichi ya mbele na nyuma iko wapi KABLA ya kubonya. Mwaga oili. Bonya huku ukisukuma hedi kwa kiganja mpaka daisi zishike meno mawili hivi, kisha acha, inajivuta yenyewe, wewe mwaga oili tu. Mdomo wa bomba ukifika usawa wa mwisho wa daisi, achia. Subiri isimame kabisa ndo ugeuze swichi, anayegeuza inazunguka anakula gia. Usivae glavu za kitambaa wala mikono mirefu inayoning'inia, na skafu au kamba ya kitambulisho viwe mbali. Swichi isifungwe kwa tepu wala mpira ili ikae imebonywa, ile swichi inayoachia ukiinua kidole ndiyo inayokuokoa ikinasa.

Ukitaka kujua kazi inaenda vizuri tazama vipande vinavyotoka. Vikitoka virefu, vimejikunja, vinang'aa, daisi zina afya na oili inatosha. Vikitoka vifupi vifupi kama unga wa mchanga na bomba limepata moto usioweza kugusa, simamisha, kuna shida ya oili au daisi zimechoka. Na tofauti moja ya benchi ambayo inafaa kuisema hapa, hedi yake ukimaliza unainua mpini daisi zinafunguka, unatoa bomba bila kurudi nyuma. Racheti na ya kubeba lazima zirudi juu ya tredi ile ile mpya, kipande kikibanwa ndani kinakwaruza meno. Kwa hiyo kabla ya kurudi mwaga oili kidogo ioshe, rudi taratibu. Kwa kazi ya wingi, mfano shule ina mabomba mia, hapo benchi inazishinda zote mbili kwa ubora na kwa mgongo wako, nakubali kabisa.

Oili yenyewe, jamani. Oili chafu ya gari iliyotolewa gereji imeenea sana kwenye kazi yetu kwa sababu ni ya bure, na nawaomba muache. Ina masizi na vyuma vya injini, inaingia ndani ya bomba ambalo watoto wa watu watakunywa maji yake, na mikononi mwako inakaa kila siku miaka yote na ina vitu vinavyosababisha saratani. Afu haikati vizuri. Oili ya kuchongea imetengenezwa kuvumilia ule mgandamizo wa daisi na chuma, daisi zako zinaishi zaidi, kwa hiyo hata kwa hesabu ya hela tu unapata faida. Ukimaliza futa mdomo wa ndani na uoshe laini kabla ya kumkabidhi mwenye nyumba.

Bomba nalo lina neno. Nusu inchi ya nyepesi ukuta wake ni milimita 2.0, ya kati ni 2.6. Jino la tredi linachimba kama 1.16. Toa mwenyewe, nyepesi inabaki na milimita 0.84 hivi kwenye mzizi wa jino, sasa ukiipa nguvu ya mashine na daisi zilizochoka inakatika hapo hapo au inakuja kukatika siku mtu anapanda juu ya bomba kufikia tenki. Mashine ya umeme haikuhurumii kwenye hilo kama mkono unavyokuhurumia, kwa mkono unahisi bomba linaanza kujinyonga na unasimama. Kwa umeme chukua bomba la kati kwenda juu.

Matunzo ndo yanaamua mwisho ni ipi imekugharimu zaidi. Racheti unapiga brashi, unafuta, unadondosha oili kwenye kidole cha racheti, imekwisha hiyo, inarithiwa. Benchi inataka oili yake ichujwe vyuma, vidole vya chaki (kile kibano kinachoshika bomba) visafishwe, mota na gia viangaliwe, lakini kwa kuwa iko sehemu moja chini ya paa haipati shida nyingi. Ya kubeba ndiyo inayoteseka: vumbi la Januari, tope la masika, nyuma ya pikipiki, kudondoshwa. Ina kaboni mbili zinazosugua mota, zinaisha taratibu, na dalili ni cheche nyingi kwenye matundu ya pembeni, harufu, na mashine kukata kata nguvu. Zitoe uziangalie kila baada ya miezi michache, zikibaki fupi badili zote mbili kwa pamoja, ukiacha mpaka ziishe kabisa zinakwaruza mota na hapo sio kaboni tena ni kusuka mota upya. Matundu ya hewa yapulizwe kwa kompresa ya gereji, usiyazibe kwa kiganja unapofanya kazi. Grisi ya gia ibadilishwe kwa ile ya aina inayotakiwa na sio kujaza mpaka ifurike. Waya ukichubuka karibu na mpini, ukate na uunge ndani ya mashine vizuri, tepu nyeusi juu ya jeraha kwenye kazi ya maji sio suluhisho. Na ndani ya tundu la hedi, vipande vya chuma vinajificha pale, ukiviacha hedi haikai na inachezacheza, tredi inatoka mnene upande mmoja.

Kwa hiyo siku ukienda kununua, nenda na kipande cha nusu inchi na cha inchi moja, soketi mpya mbili na spana yako. Muombe muuzaji achomeke mashine, iende mbele, irudi nyuma, usikilize gia. Tazama kibao, 220 au 230. Soma daisi, BSPT. Ulizia mkono wa kuzuilia uushike kwa mkono wako, na kaboni za akiba, kama hana za kuuza muulize utazipata wapi. Piga tredi pale pale, kisha fungisha soketi kwa vidole bila spana: inatakiwa ikubali zamu nne hadi tano ndo ianze kugoma. Ikigoma kwenye zamu mbili daisi zinakata kwa unene, ikiingia yote mpaka mwisho inalegea na hiyo itavuja, basi rekebisha hedi kama ina marekebisho, urudie, na kama bado hazikai hamia mashine nyingine dukani humo humo kabla hujatoa hela.